Swali la Kabla ya Ugali

Kwa Mwalimu Joakim Mayige ugali haukuliwa hivi hivi. Watu wa kijiji kile, kando ya barabara itokayo Bariadi kwenda Maswa, walilijua jambo hilo kama walivyoijua njia ya kisimani. Ungefika mchana ukute wanaume wa kaya ile wamelizunguka sinia kivulini, ungekaribishwa, ungepewa kigoda, na mkewe, Mama Novatus, angepiga magoti akumiminie maji ya kunawa. Halafu, kabla mkono wako haujaufikia ugali, mzee angekutazama kwa vijicho vyake visivyopepesa na kukuuliza, "Umefanya nini leo?"

Kama umelima, umechunga, umepasua kuni au umefyatua tofali, ungesema, naye angeitikia kwa kichwa na kukusogezea mboga. Lakini ukianza kujikuna shingo na kutafuta maneno, sinia lingesogea. Hakugomba wala kukemea. Alilivuta tu upande wake kwa ncha za vidole na kusema, "Nenda ukatafute jibu, kisha urudi ule." Nawe ungenyanyuka na mikono yako iliyonawa, maji yakidondoka, wenzako wakiangalia chini.

Sasa, hii ni nchi ya Wasukuma. Huku mpita njia huitwa kwa sauti aje ale hata kama ameshiba na ana haraka zake. Kumnyanyua mtu kwenye chakula lilikuwa jambo zito, na wazee wenzake walimsema sana, mbele yake na kisogoni. Yeye aliwajibu kwa kicheko kifupi. "Si ninyi mnaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mimi nimezipunguza hizo mbili tu."

Tusimwonee lakini. Mchoyo hakuwa. Kila mavuno gunia la kwanza lilikwenda kanisani, na la pili kwa wajane. Wala hakuna aliyemzidi kwa kazi. Kwa miaka hamsini jua lilipochomoza lilimkuta shambani. Alikuwa katekista tangu kabla nusu ya kijiji haijazaliwa, ndiyo maana wote walimwita Mwalimu, na somo lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa kazi.

"Msimsikilize anayewaambia kazi ni laana," aliwaambia waliokuwa wakijiandaa kubatizwa. "Fungueni mwanzo kabisa. Adamu alipewa shamba alilime na kulitunza kabla hajaligusa lile tunda. Kazi ilitangulia dhambi! Kilicholaaniwa ni ardhi, ikaota miiba. Jembe halikulaaniwa. Na Bwana wetu mwenyewe alishika randa miaka mingi kuliko aliyohubiri." Watu walitoka kwenye somo hilo wakitamani kwenda shamba moja kwa moja. Kisha aliwamalizia kwa Mtume Paulo, yule mshona mahema, aliyewaandikia Wathesalonike kwamba mtu asiyetaka kufanya kazi, basi na chakula asile. Swali la kabla ya ugali lilitoka hapo.

Palikuwa na sehemu moja tu ya Maandiko iliyomkwaza, na kila Kwaresima aliiungama. Ni ule mfano wa mwenye shamba la mizabibu, aliyeajiri vibarua alfajiri, akaajiri tena saa tatu, na mchana, na hata saa kumi na moja jua likizama, halafu akawalipa wote sawasawa. Mwalimu Joakim alikuwa mkulima wa pamba. Maisha yake yote yalipita kwenye mizani. Kila alipoufikia mfano ule aliusoma mbio mbio, akasema, "Hayo ni ya mbinguni, huko hakuna kupima," akafunua ukurasa mwingine.

Basi mwezi wa saba, msimu wa kupeleka pamba ghalani, mzee wa miaka sabini akapanda juu ya tela la ng'ombe kushindilia marobota. Mwanawe Novatus alimwambia, "Baba shuka, nitapanda mimi." Mzee akamjibu kwamba pamba inataka mtu mwenye uzito, si vijana wa kizazi cha chipsi. Dume la kushoto likaumwa na nzi, likaruka, tela likayumba, na Mwalimu akaja chini kwa ubavu. Mfupa wa nyonga ukavunjika.

Alilazwa hospitalini mjini Bariadi wiki nne. Siku ya kuruhusiwa daktari alimpa magongo mawili na maneno machache. "Mzee, sisi tumeunga. Kujenga ni kazi ya chakula. Maziwa, mayai, dagaa, maharage, kila siku, na kwa wingi. Ukila, mwezi wa kumi na mbili utakuwa unatembea. Usipokula, mguu huu utakauka, na utabaki mtu wa kubebwa." Mkewe Nyanjige alisikiliza yote hayo akitingisha kichwa, na kabla hawajaondoka mjini alikwishanunua dagaa wa Nyashimo na trei ya mayai.

Mchana wa kwanza nyumbani, Novatus alimsaidia baba yake hadi kwenye kiti chake cha siku zote. Sinia likaja. Ugali ulikuwa wa moto, dagaa wameungwa kwa karanga, maziwa ya mgando pembeni. Wanaume wakanawa. Kikapita kimya kidogo, kimya cha mahali pale pa kuuliza swali, na kila mmoja akawa anamtazama mzee aulize. Mzee hakuuliza. Alikuwa akijiuliza mwenyewe. Umefanya nini leo, Joakim? Nimelala. Nimegeuzwa upande. Nimebebwa kwenda chooni na mtoto niliyemzaa.

Akaurudisha mkono wake mapajani. "Kuleni," alisema. "Mimi sina njaa."

Uongo mtupu. Njaa ilikuwa inamng'ata. Kesho yake akasema tena hana njaa, na keshokutwa vivyo hivyo. Asubuhi alikubali kikombe cha uji kwa hoja kwamba uji ni dawa, na dawa mgonjwa hapewi kwa malipo ya kazi. Baada ya hapo, hakuna. Nyanjige alimletea mayai, yakapoa. Alimletea michembe, viazi vikavu alivyovipenda tangu utotoni, akachukua kimoja, akakishika mpaka jioni, akakirudisha.

Watu walidhani ni maumivu. Mkewe hakudhani hivyo. Walikuwa wameoana miaka arobaini na minne, na aliijua njaa yake hata kwa jinsi alivyomeza mate. Siku moja akamwekea ungo wa karanga mapajani. "Baba Novatus, nibangulie hizi."

"Mama, hiyo ni kazi ya kuchezea," akasema. "Kazi mtu anaifanya amesimama."

Nyanjige akautazama ungo, akamtazama mumewe, akaziachia karanga pale pale na kwenda zake kuteka maji.

Na ukweli ambao Mwalimu hakumwambia mtu ulikuwa huu. Hakuwa akisusa, wala hakutaka kufa. Kitandani hospitalini alikuwa na wakati wa kukumbuka, na alizikumbuka nyuso. Miaka arobaini ya watu aliowanyanyua kwenye sinia! Aliona migongo yao ikiondoka. Wengine walikuwa wavivu kweli, lakini wengine hakuwa na hakika nao. Mmoja alikuwa Mwandu, jirani yake, mfugaji asiyebatizwa. Mwandu alikuja mwaka wa njaa, miaka kumi na saba iliyopita, mvua zilipokataa na ng'ombe wake wote kufa. Alipoulizwa alisema, "Nimetafuta kazi tangu alfajiri, sikupata." Joakim akamjibu, "Kutafuta si kufanya," na kulivuta sinia. Sasa yeye mwenyewe hawezi hata kutafuta. Kama wale waliondoka na njaa kwa sheria yake, yeye ale kwa sheria gani? Mtu aliyewapimia wenzake kwa kibaba kimoja na kujipimia mwenyewe kwa kingine ataitwaje? Heri mguu ukauke.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mgonjwa mkaidi hubembelezwa, lakini huyu alikuwa akijihukumu kwa haki, na haki haibembelezwi kwa mayai.

Mwezi wa tisa ukaingia. Suruali ilimpwaya mpaka akafunga kamba. Walipokwenda mjini kuangaliwa, daktari alilishika paja lake kwa mikono miwili, vidole vikakutana. "Mzee, mwezi ujao ukija hivi, tusidanganyane," alisema, "itabidi uzoee kitanda." Nyanjige alilia njia nzima kurudi nyumbani, bila sauti, uso ameuelekeza dirishani.

Shambani nako mabua ya pamba yalikuwa yamesimama. Serikali hutaka yang'olewe na kuchomwa kabla mwezi wa tisa haujaenda mbali, ili wadudu wasipate pa kulala, na Novatus alikuwa na shamba lake mwenyewe la kusafisha. Asubuhi moja Mwalimu, akiwa kitini kivulini, akamwona mtu katikati ya shamba lake aking'oa. Aliinama, akashika shina, akavuta, akakung'uta udongo, akalaza. Hakupumzika. Alikuwa Mwandu.

"Tumemwahidi nini huyo?" mzee akamuuliza mwanawe.

"Hatujamwahidi kitu, baba. Nimemkuta tu. Nilipomuuliza akasema hii ni zamu yake."

"Zamu ya nini?"

Novatus akainua mabega. Siku ya pili Mwandu akaja tena, na ya tatu. Kila aliponyooka kupumzisha mgongo alinyoosha mkono kumsalimia mzee kwa mbali, na mzee aliitikia huku moyo ukimuuma. Angetamani mtu yeyote mwingine awe pale. Kufanyiwa kazi na mtu uliyemnyima chakula ni adhabu ambayo hata Paulo hakuifikiria.

Alhamisi ya wiki hiyo jumuiya ikaja kusali kwake, kwa kuwa yeye hakuweza kuifuata. Watu kumi na watano hivi, wengi wao akina mama, wakakaa mikekani uani saa kumi alasiri. Mwenyekiti wa jumuiya, Violeth, mwanamke mnene mcheshi aliyefundishwa dini na Mwalimu mwenyewe tangu utoto, alitangaza kwamba watasoma Injili ya Jumapili ijayo. Akafungua. Akasoma mstari wa kwanza, na Mwalimu akajua. Ulikuwa ule mfano wa vibarua. Safari hii si yeye aliyeshika kitabu, wala hakuwa na mguu wa kumtoa pale.

Violeth hakuwa na haraka. Alisoma kila saa na watu wake. Alipofika kwa wale wa saa kumi na moja, waliosimama sokoni mchana kutwa na kumwambia mwenye shamba kwamba hakuna aliyewaajiri, Mwalimu aliinamisha kichwa. Nimetafuta kazi tangu alfajiri, sikupata. Kwa miaka arobaini alikuwa akiusoma mstari huo, na hakuwahi kuisikia sauti ya mtu ndani yake.

Wakati huo Mwandu alikuwa ametoka shambani kuja kuomba maji. Akasita alipoona watu wanasali, lakini Nyanjige alimpa kata ya maji na sahani ya michembe, akamwonyesha pa kukaa ukingoni mwa mkeka. Akakaa, jasho likimtiririka, akawa anatafuna polepole na kusikiliza.

Somo likaisha. Wakanyamaza kidogo kama ilivyo desturi, kisha Violeth akawakaribisha watu waseme neno lililowagusa. Mama mmoja akasema Mungu ni mwema. Mwingine akasema kweli, Mungu ni mwema. Hapo Mwandu akainua mkono.

"Mayu," akamwambia Violeth, yaani mama kwa Kisukuma, "na sisi tusiobatizwa tunaruhusiwa kuuliza?"

"Uliza, baba."

"Huyo mwenye shamba, alikuwa na mke?"

Watu wakacheka. Violeth akaangalia kitabu kana kwamba jibu lingekuwamo. "Haijaandikwa. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza kwa sababu huyo mtu mimi namjua," akasema Mwandu, "ila ninayemjua mimi ni wawili. Mume na mke. Ni hawa hapa." Akaonyesha kwa kidevu, kwanza kwa Mwalimu, kisha kwa Nyanjige.

Nyanjige akasimama ghafla akataka kwenda jikoni. Violeth akamshika pindo la kitenge. "Kaa, mama. Mwache aseme."

"Mwaka ule wa njaa," Mwandu akaendelea, "ng'ombe zangu zimekwisha, nilikuja hapa. Namhala, mzee huyu, akaniuliza nimefanya nini leo. Akavuta sinia. Niliumia, sitawaficha. Nikaondoka nimeamua niende nikajinyonge, maana mtu akishanyanyuliwa kwenye ugali amebaki na nini? Nikapita nyuma ya jiko kufuata njia ya mkato. Nikasikia, 'Pss! Mwandu!' Kumbe mayu huyu amesimama na sahani. Ugali na mlenda. Akaniambia, 'Kaa hapo kwenye gogo ule, ukimaliza sahani iache hapo hapo.' Nikakaa, nikala. Akanifungia na unga kwenye kitambaa niwapelekee watoto. Nikawaza, hawa Wakristo wana akili! Mume anamchoma mtu kwa maneno ili apate akili, mke anamlisha ili asife kabla hajaitumia. Nikasema hawa wamekaa chini wakapanga."

Mwandu akaiweka chini sahani ya michembe.

"Kesho yake nikaenda mpaka Malampaka, nikapata kazi ya kupakia magunia stesheni. Maneno yako, bhabha, yalinisukuma kutoka nyuma, na ule ugali ulinipa miguu. Kimoja kingekosa, nisingefika. Leo nina ng'ombe kumi na tisa. Nikisikia umeanguka, nikae nyumbani? Hii si zamu yangu?"

Mwalimu Joakim aliyashika magongo yake kama anayetaka kusimama. Kisha akamgeukia mkewe. "Alilishwa nyuma ya jiko?" akauliza, ingawa hakuwa akimuuliza mtu hasa.

"Na mimi, Mwalimu," Violeth akasema kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake. "Nilipokuwa mdogo. Nilitoroka kazi ya kuokota pamba siku ile, ukaninyanyua kwenye mkeka wa watoto. Nilipewa kiazi na maziwa."

"Na mume wangu," akasema mama mmoja.

"Na marehemu kaka yangu. Kila wiki, yule."

"Baba," Novatus akasema, akikuna shingo, "mimi mara nne. Tano, tukihesabu ile ya juzi juzi kabla sijaoa."

Hapo ua mzima ukaangua kicheko. Walicheka mpaka wakapangusa machozi kwa kanga, na Mwandu akacheka kuliko wote, kwani ndipo alipogundua kwamba hakuna kilichopangwa. Kijiji kizima kilijua. Katika watu wote wa kata ile, aliyekuwa hajui kwamba sheria ya Mwalimu Joakim ilikuwa na mlango wa nyuma ni Mwalimu Joakim peke yake.

Yeye hakucheka. Damu ilimpanda usoni. Miaka yote ile alidhani ni hakimu, kumbe alikuwa akivuta sinia na watu wanazunguka nyumba. Hasira ikamshika, hasira ya mtu aliyechekwa, ikadumu kama muda wa Baba Yetu na Salamu Maria ya kufunga sala. Ilipotulia, chini yake akakuta kitu kingine kabisa, na hakukitarajia. Aliziona tena zile nyuso. Aliiona ile migongo ikiondoka kwenye sinia, lakini safari hii aliifuata kwa mawazo, ikakunja kona ya nyumba, na kule kila mmoja akakaa na kula. Hakuna aliyeondoka na njaa. Hata mmoja! Kile alichokuwa amekibeba kifuani tangu hospitalini kilikuwa kimebebwa na mtu mwingine muda wote, siku kwa siku, sahani kwa sahani. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Watu walipoondoka, Mwandu akarudi shambani kumalizia mstari wake, na wazee wawili wakabaki uani.

"Kwa nini hukuniambia?" mzee akauliza.

Nyanjige alikuwa akikunja mkeka. "Hukuniuliza."

"Nyanjige."

"Hukuniuliza, Baba Novatus. Miaka arobaini na minne umemuuliza kila mtu aliyekanyaga hapa amefanya nini leo. Wageni, watoto, mpaka padri siku ile, nikatamani ardhi inimeze. Mimi hukuniuliza hata siku moja. Ungeniuliza ningekwambia. Nimeteka maji, nimetwanga, nimepika, na nimewalisha wawili uliowafukuza."

Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Mzee akatazama mikono ya mke wake, akaona kwamba hakuwa ameitazama siku nyingi. Kazi mtu anaifanya amesimama, alikuwa amemwambia. Huyu hakuwahi hata kupewa nafasi ya kukaa.

"Basi miaka yote hiyo mimi nilikuwa nafanya upumbavu," akasema.

"Nani kasema?" Nyanjige akauweka mkeka chini. "Ningewapa nini? Nani alijaza kihenge? Mwaka wa njaa kaya zote hizi hakuna aliyekuwa na unga wa kuficha kwenye kitambaa isipokuwa mke wako. Wewe ulilima mimi nikagawa. Nilikuwa nikimshukuru Mungu kila siku kwamba nimeolewa na mtu wa kazi, maana mwanamke aliyeolewa na mvivu hata huruma yake haina mboga."

Kichwani mwa Mwalimu kikafunguka kitabu. Ni Paulo yule yule, katika barua kwa Waefeso, anaposema mtu afanye kazi njema kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo Mwalimu alipozoea kuishia, na wanafunzi wake aliwakaririsha mpaka hapo. Lakini sentensi ilikuwa ikiendelea, na aliijua kwa moyo inavyoendelea: afanye kazi, ili apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji. Yeye aliifundisha nusu ya kwanza kanisani kwa miaka arobaini. Nusu ya pili ilikuwa ikifundishwa nyumbani kwake, bila kitabu, na mwanamke ambaye hajawahi kushika chaki. Wakati wote alidhani anamlea mke katika imani. Mungu wangu, aliwaza, ulinipa mwalimu na mimi nikamfanya mpishi.

Nyanjige aliingia jikoni. Jua lilikuwa limeshuka lakini bado lipo, na moshi wa mabua ya kwanza ya Mwandu ulianza kupanda shambani. Mzee akayavuta magongo yake. Hakumwita Novatus. Akasimama kwa shida, akatulia mpaka kizunguzungu kilipomwisha, akaanza kutembea. Hakwenda kwenye kiti chake cha kulia. Alifuata ukuta, akipumzika kila hatua tatu, akakunja kona ya nyumba.

Hakuwa mgeni wa eneo lile, lakini mwanaume wa Kisukuma hana shughuli nyuma ya jiko, na hakuwa ametia mguu huko miaka mingi. Gogo lilikuwapo, limeegemezwa ukutani. Lilikuwa limelainika na kung'aa katikati, jinsi mbao zinavyong'aa kwa kukaliwa. Akalitazama kwa muda. Kisha akageuka, akashusha magongo, akajishusha juu yake polepole, akiuma meno kwa maumivu ya nyonga, akakaa pale walipokaa wote.

Nyanjige alitoka na sufuria la maji machafu ya kumwaga, akamwona. Sufuria nusura limponyoke.

"Baba Novatus! Unafanya nini huku?"

"Leo sikufanya kitu," akasema. "Sina jibu lolote, mama. Nimekuja kuomba chakula."

Nyanjige akaweka sufuria chini, akaingia ndani, akatoka na sahani. Ugali ulikuwa wa mchana, aliupasha. Palikuwa na dagaa, na mayai mawili, na bakuli la mgando. Alipiga magoti kumnawisha, naye mzee akamshika mkono na kumzuia.

"Kaa," akasema, akasogea kumpisha. Gogo liliwatosha wawili kwa kubanana. "Wabeja, Nyanjige. Asante sana. Kwa hiki, na kwa vyote ulivyowapa kwa jina langu bila mimi kujua."

Nyanjige alipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akamwangalia akimega tonge la kwanza, akilichovya, akilitia mdomoni, akitafuna macho yamefumba. Alikula taratibu mwanzoni, halafu kwa pupa, kama anavyokula mtu aliyetoka kulima. Kutoka shambani Mwandu aliwaona wamekaa pale, akanyoosha mkono kusalimia, na safari hii mzee alimwitikia kwa kuinua tonge juu.

Sahani ilipobaki tupu akaipangusa kwa kidole, akamnyooshea mkewe aongezewe.